Uzinduzi wa Njia Rahisi za Kushukia Gatini

Mstahiki Meya wa jiji letu kongwe la Vaartmonde, Bibi Clothilde Roggeman, uliyetuma udhuru. Mheshimiwa Naibu Meya, ambaye hata udhuru hukutuma. Baba Kanoni Servaas wa Kanisa Kuu. Mwenyekiti wa Chama cha Waoka Mikate. Mwenyekiti wa Chama cha Waoka Mikate Waliojitenga. Kamanda wa Zimamoto pamoja na mbwa wako. Waheshimiwa wajane wa mabaharia. Ndugu waandishi wa habari, yaani wewe hapo peke yako. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Na kwa kuwa yawezekana kuna mahali haikuzingatiwa vizuri, naomba niizingatie upya. Mstahiki Meya wa jiji letu kongwe...

(Sauti kutoka kibanda cha chipsi: "Odilon, tumeshafika huko! Songa mbele, baba!")

Asante, Bwana Wannes. Mimi, Odilon Verbrakel, Diwani mwenye dhamana ya Miguu, Mandhari na Mwonekano wa Jiji, nasimama hapa juu ya Ngazi za Watengeneza Ngozi, mji wa kale ukiwa nyuma yangu na gati la samaki likiwa chini yangu, nikiwa na unyenyekevu ambao madiwani wenzangu wamekiri, kwa kura, kwamba hawajawahi kuuona kwa binadamu mwingine, ili kuzindua rasmi, kimkakati na kwa mtazamo shirikishi, Mpango Jumuishi wa Njia Rahisi za Waenda kwa Miguu kutoka Soko la Vitambaa hadi majini.

(Makofi machache ya watu wanaotaka kupasha mikono moto.)

Ndugu zangu, hatukukurupuka. Upembuzi yakinifu ulibaini kwamba asilimia tisini na nane ya wakazi wa jiji hili wana miguu.

(Sauti: "Na hiyo mbili?")

Walikuwa likizo. Kutokana na matokeo hayo, mimi na kamati yangu, pamoja na wenza wetu, tulifunga safari ya mafunzo hadi Visiwa vya Kanari, ambako asubuhi na jioni tulitembea ufukweni tukichunguza kwa kina namna mguu wa kushoto unavyoupisha ule wa kulia, na naomba nisisitize kwamba kazi hiyo haikuwa lelemama, mimi mwenyewe niliungua mabega. Tuliporejea tukaketi kama wadau, tukajadili, tukaahirisha, tukajadili kuahirisha, na hatimaye tukakubaliana kwa kauli moja kwamba njia rahisi ni njia isiyo ngumu. Wajumbe wawili walipinga. Msimamo wao tumeuheshimu kwa kuuweka kwenye kiambatisho.

Sasa niwachoree picha. Mwananchi ataanzia Soko la Vitambaa, chini ya mnara wa kengele, atapita Uchochoro wa Wasokota Kamba akivuta hewa ya historia, kisha atateremka hadi gatini kwa mteremko laini kama siagi, wenye viti vya kupumzikia kila mahali ambapo kitaalamu mwananchi anatarajiwa kuguna, na...

(Bibi Godelieve Stallaert, mjane wa baharia, aliyewekewa nyonga mpya majira ya kuchipua, anainua fimbo: "Odilon, mwanangu, huo mteremko uko wapi? Maana mimi naona ngazi zilezile mbovu, na mbao mlizozipigilia misumari kutuzuia.")

Swali zuri sana, Mama Godelieve. Mteremko upo kwenye mchakato. Na zile si mbao za kuzuia, mama, ni miundombinu ya muda ya kulinda urahisi usije ukatumika kabla haujakamilika.

("Dada yangu Paula anakaa pale chini, mlango ule wa kijani. Tangu mlipofunga ngazi hatujaonana ana kwa ana. Kuzunguka hadi darajani nyonga yangu hainiruhusu, magoti yake nayo hayapandi kilima, na basi mmelifuta mkasema linasumbua waenda kwa miguu. Tunapigiana simu kama wachumba, na umri huu!")

(Kicheko. Sauti nyembamba kutoka chini gatini: "Godelieeeve! Huyo mtu bado anaongea?")

("Bado, Paula! Yuko kwenye miguu!")

("Mwambie nimepika kome wa baharini, wanapoa na magamba yao!")

Nimelipokea suala la kome na nitalifikisha kwenye kamati inayohusika. Lakini Mama Godelieve amegusa jambo nyeti, jambo la fedha, na mimi si mtu wa kukwepa. Ndugu wananchi, kuhusu fedha, ukweli mtupu ni kwamba...

(Kengele za mnara zinaanza kulia, zinaupiga wimbo wote, kisha zinaurudia. Mdomo wa Diwani unaonekana ukifanya kazi. Anahesabu kwa vidole, anajishika kifua, anaonyesha mbinguni. Kengele zinanyamaza.)

...na kwa maelezo hayo ya kina, suala la fedha nalifunga.

(Miguno. Kamanda wa Zimamoto, mwanamke mwenye mabega mapana kama mlango wa ghala, anampa Baba Kanoni kamba ya mbwa ashike, anakwenda kwenye kizuizi na kung'oa ubao wa kwanza kwa mikono.)

Namwona Kamanda akikagua ubora wa mbao zetu, na huo ndio uwajibikaji tunaouhubiri.

(Anang'oa wa pili. Anang'oa wa tatu. Waoka mikate wawili, mmoja wa chama na mmoja wa waliojitenga, wanapanda jukwaani na kukishika kiti cha mahameli kilicho nyuma ya Diwani.)

Samahani, waheshimiwa, kiti hicho ni cha itifaki.

("Tunakiazima, mheshimiwa. Wewe si umesimama?")

Nimesimama, ndiyo, lakini nimesimama kwa mujibu wa ratiba...

("Mama Godelieve, kaa hapa. Shika mikono ya kiti, usiangalie chini.")

("Nyie wawili hata unga hamjawahi kukubaliana, leo ndiyo mnibebe mimi? Mkinidondosha nitahamia kwa muuza mikate wa dukani!")

(Watu wanacheka na kusogea ukingoni. Kiti kinanyanyuka, kinayumba, kinapita katikati ya mbao na kuanza kushuka. Bwana Wannes anafunga kibanda na kufuata na ndoo ya chipsi, kwa ajili ya kome.)

Ndugu wananchi, tuendelee. Ukurasa wa tisa. Kwa kuzingatia dira, dhima na shabaha za... jamani, taratibu. Wewe wa kushoto, punguza mwendo! Lile jiwe lenye ufa linacheza, likwepeni! Likwepeni, nasema! Ndilo lililomwangusha mama yangu, hakusimama tena!

(Wabebaji wanasimama. Mmoja anapapasa jiwe kwa kisigino, linacheza kweli. Wanalivuka. Diwani anatoa kitambaa, anafuta paji la uso, anakitazama kitambaa.)

Yaani, kwa mujibu wa tathmini ya usalama.

(Chini, mlango wa kijani unafunguka na Bibi Paula anatoka na aproni, akijishikilia ukutani. Kiti kinatua mbele yake. Kina dada wanashikana mashavu. Kisha Paula: "Umenenepa." Naye Godelieve: "Wewe umefupika." Wanaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Juu na chini watu wanapiga makofi, kofia zinarushwa hewani.)

Asanteni. Asanteni sana. Kaeni, kaeni, mnaniliza. Makofi haya nayapokea kwa niaba ya kamati. Mmeshuhudia wenyewe, ndugu zangu: Awamu ya Kwanza imekamilika kabla ya muda, bila kutumia hata senti moja ya Yuro, na yule mama ni mnufaika wa kwanza. Mwandishi, andika mnufaika. Mwandishi? Mwandishi yuko wapi?

(Mwandishi yuko gatini, anakula kome.)

Basi tuhitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema "njia", mnaitikia "rahisi"! Njia!

(Watu wote wanashuka ngazi wakishikana mikono. Amebaki Baba Kanoni, na mbwa.)

Njia!

(Mbwa anabweka.)

Asante, nimefarijika. Kwa kumalizia, natoa shukrani. Nawashukuru wahandisi wote ambao, kama tungewaajiri, wangefanya kazi iliyotukuka. Namshukuru mke wangu, aliyeniambia mapema leo, tukinywa kahawa, kwamba nikishasema "njia rahisi" mbele ya watu itanibidi niwe na angalau moja, wazo ambalo tutalitafakari katika mwaka ujao wa fedha. Nakushukuru wewe, Baba Kanoni, kwa kubaki, ingawa naona ni kwa sababu umeshika mbwa. Na utepe huu mwekundu naomba usikatwe, tumeuazima, na kesho unahitajika nyuma ya stesheni kwenye uzinduzi wa bwawa jipya la kuogelea la jiji, ambalo naona fahari kutangaza kwamba limefikia hatua ileile ya njia hizi: hatujalichora, hatujaliombea kibali, wala hatujui litakaa wapi. Wote mnakaribishwa. Mje na taulo.