Filamu ya Mazishi ya Nana Afrakoma

Jumatatu, 9 Juni

Nimemaliza mazishi ya Nana Afrakoma. Jumamosi watu wa mavazi meusi na mekundu, Jumapili meupe ya shukrani, nusu ya Kumasi mbele ya kamera yangu. Opanin Badu, mkuu wa ukoo, anataka filamu iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni ifikapo Ijumaa, ndugu walioko Hamburg waione. Wakiridhika, mazishi yote ya ukoo ni yangu. Ukoo una wazee wengi. Wasiporidhika, ataitwa Fiifi.

Fiifi ni mpiga video wa ng'ambo ya barabara. Ana droni. Simchukii, naiombea tu droni yake upepo.

Nimehariri mchana kutwa. Filamu tayari. Sikuitazama, kwani nani aliyeitengeneza? Nikaipandisha. Laptopu ikajibu: imeshindikana. Kisha maneno mengine mengi kuhusu saa na tarehe. Sisomi matangazo.

Jumanne, 10 Juni

Bado imeshindikana. Diski ya laptopu, yenye nakala pekee ya filamu, imeanza kukwaruza kama kuku anayechakura. Ikifa leo, Nana amepotea mara ya pili.

Nimeamua mchawi ni bando langu. Nikaenda kukaa nyuma ya kanisa la jirani, intaneti yao inafika hadi ukutani. Mchungaji akanikuta. Nikamwambia natafakari. Akafurahi, akaniombea kwa kirefu, akaiwekea mkono na laptopu. Tuliitikia amina wote wawili. Laptopu haikuitikia.

Mke wangu Pokuaa anauliza tangu lini nimeokoka.

Jumatano, 11 Juni

Nimefungua akaunti mpya kwa jina la mama mkwe. Imekataa. Hata kwenye mtandao yule mama hanisaidii.

Nikameza kiburi, nikavuka barabara kwa Fiifi. Nikamweleza kwamba kuna rafiki yangu mmoja, mjinga kidogo, hifadhi yake inagoma. Fiifi akasema, "Mwambie huyo rafiki yako aangalie saa ya laptopu. Mtandao ukiona tarehe ya uongo, unamfungia mlango." Halafu akacheka na kuniuliza rafiki huyo hajambo, na Pokuaa wake hajambo.

Mtego huo. Tarehe yangu siigusi. Programu yangu ya kuhariri ni ya majaribio, mwisho siku thelathini. Kila zikikaribia kwisha narudisha laptopu Machi ya mwaka jana, nayo inaanza upya. Wenzangu wanalipia. Mimi natumia akili.

Alhamisi, 12 Juni

Diski inalia sana. Nimeogopa kwelikweli. Nikaweka tarehe ya leo, huku nimefumba jicho moja.

Filamu ikaanza kupanda. Kufika adhuhuri yote iko juu, Hamburg wameshaalikwa kwenye folda ya ukoo. Programu ya kuhariri imekufa papo hapo, lakini ina kazi gani tena? Nimemnunulia Pokuaa kenke na samaki. Sitamwambia Fiifi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeitwa na ukoo. Wazee wamekaa mstari mzima, hakuna aliyenipa maji ya kumkaribisha mgeni.

Kumbe programu huandika yenyewe kichwa cha filamu na tarehe ya laptopu, kwa herufi za dhahabu. Filamu inaanza: Mazishi ya Nana Afrakoma, Machi ya mwaka jana. Machi ya mwaka jana Nana alikuwa hai, anakula fufu na kugombana na majirani. Hamburg wamepiga simu wakilia. Wanauliza kama walifichwa msiba mwaka mzima, au bibi yao alizikwa anapumua.

Opanin Badu akasema, "Mwanangu Antwi, umemtangazia kifo mtu akiwa bado hai. Kwetu hilo halisemwi hata kwa utani." Faini: kondoo mmoja na chupa mbili za pombe kali ya kutambikia. Filamu irekebishwe kesho, la sivyo kazi ni ya Fiifi. Kisha akakohoa. Kikohozi kirefu, kikavu. Nilikisikiliza kwa makini.

Njiani Fiifi akajitolea kuniazima programu yake ya kulipia. Nikakataa. Mtu ana heshima yake.

Jumamosi, 14 Juni

Kondoo amepokelewa. Nikarudisha laptopu Machi, programu ikafufuka. Nikafuta tarehe ya aibu, nikaandika ya kweli kwa mkono wangu. Nikarudi Juni, filamu ikapanda bila kelele. Opanin Badu ametazama hadi mwisho, amenishika mkono. Mazishi yajayo ni yangu.

Jumapili, 15 Juni

Siku njema. Hifadhi imepona kabisa, sasa kila ninachoweka kwenye folda ya ukoo kinapanda chenyewe, sigusi kitu. Laptopu nitairudisha Machi kesho, kuna arusi ya kuhariri.

Na nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kuiachia programu kichwa cha filamu. Kuanzia sasa vichwa natayarisha mapema, kwa mkono. Asubuhi hii nimemaliza kimoja kwa programu ya bure ya picha, herufi za dhahabu, picha yake akitabasamu: Mazishi ya Opanin Badu. Tarehe nimeacha wazi, mimi si mjinga. Nimekihifadhi kwenye folda ya ukoo, kisipotee.

Namba ya Hamburg imenipigia mara tatu tangu nimalize. Nadhani wanataka kunishukuru.