Malalamiko Kuhusu Mjukuu Aliyeipigia Miayo Sauti Yangu

Nyamisangura,
Tarime.

Kwako Dkt. Imelda, mtafiti wa masikio ya watoto wachanga,

Kwanza marahaba, kwa kuwa najua ulivyolelewa na shikamoo utaitoa kabla hujamaliza mstari huu. Mimi ni Mzee Mwikwabe Heche, babu wa yule mtoto wa miezi saba uliyempima wiki iliyopita, mwana wa Lilian, mkamwana wangu. Sisi wazima, na ng'ombe wazima. Kinachonisumbua ni hasira, nami naituma kwako kwa heshima zote.

Ulimpakatisha mama yake mtoto, ukaweka spika moja kulia, nyingine kushoto. Kulia ukapiga sauti yangu, niliyorekodi kwa Kikurya safi. Kushoto ukapiga ya Elieth, mpangaji wetu, Msukuma wa Geita aliyekuja huku na mume wake mchimba dhahabu. Halafu ukanionyesha video. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtoto ana jina langu. Sasa Mwikwabe mdogo kamsikia Mwikwabe mkubwa, akapiga miayo. Elieth alipoanza tu, kageuza kichwa, kakodoa macho, katabasamu mpaka udenda ukamtoka. Iliniuma sana. Nilikuaga kwamba naenda kuangalia ng'ombe, lakini saa ile ng'ombe walikuwa malishoni.

2. Ulinieleza kwamba mtoto huanza kusikia akiwa tumboni, na huzoea sauti na lugha anazozisikia kila siku. Basi nimeibiwa. Mimba nzima Elieth alikaa na Lilian kibarazani wakimenya viazi, anaongea Kisukuma chake asubuhi hadi jioni, na hakuna kikao cha ukoo kilichompa ruhusa. Mwizi wa ng'ombe tunafuata nyayo. Huyu aliyeiba sikio tutafuata nini?

3. Mimi sikupewa nafasi ya kushindana. Mila yetu inamkataza baba mkwe kuingia nyumba ya mkamwana, hata kumsogelea. Mimba ilipoingia nikazidi kukaa mbali. Kumbe huko tumboni heshima haisikiki.

4. Nimejaribu kurekebisha. Juzi mchana niliazima kipaza sauti cha kanisani, nikasimama zizini, nikaanza kumsimulia mtoto habari za ukoo wetu. Wanaume wa mtaa mzima walikuja mbio na marungu, wakiuliza ng'ombe wamepelekwa upande gani. Ilibidi Waisiko, mke wangu, awagawie uji wote wa nyumba ndipo wakatawanyika. Mtoto hakuamka.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo. Matokeo yafutwe mpaka babu apewe muda wa kujiandaa, maana hata mtihani wa darasa la saba hutangazwa mapema. Pia mradi wako ununue bomba la plastiki, lile la kupitishia maji, litoke zizini, lipite chini ya ukuta, liishie kwenye kitanda cha mtoto. Mila imemkataza mkwe kuingia. Sauti yake haikutajwa. Nimewauliza wazee wenzangu, wakafikiri sana, na swali lao lilikuwa moja tu: panya watazuiwaje? Likishafanya kazi kwangu, kila nyumba yenye mjamzito ifungiwe bomba, Tarime yote, kisha Serengeti, na wapangaji wamenye viazi vyao kimyakimya hadi mtoto aote meno.

Nisalimie wazazi wako, dereva wako, na mwenzako anayeshika kamera. Lilian naye anakusalimu. Nimeambiwa na Waisiko, maana mimi siongei naye.

Wako niliyeshindwa na spika ya kushoto,
Mzee Mwikwabe Heche.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Waisiko ameniletea mtoto hapa nje akilia, akaniachia. Nimemwimbia Kikurya, akazidi. Nikatazama huku na huku kama kuna mtu wa ukoo, kisha nikamwambia "mwangaluka", salamu ninayomsikia Elieth akiitoa kila asubuhi. Akanyamaza, akageuka, akanishika ndevu. Bomba acha. Nimeshamwomba Elieth anifundishe, tunaanza kesho. Ukirudi na spika zako, nirekodi upya. Mtoto akiniita babu kwa Kisukuma, nitaitika.