Ngozi ya Msumari wa Tatu

Alhamisi, 27 Februari

Nafasi moja. Mwalimu ametangaza leo baada ya mazoezi: timu ya upinde wa asili ina watu wanne, watatu keshawachagua, wa nne atapatikana Jumamosi ya wiki ijayo kwa mishale thelathini. Hakutaja majina. Hakukuwa na haja. Ni mimi au Binamu.

Binamu ni binti ya shangazi yangu. Tulizaliwa mwaka mmoja na tangu hapo ananitangulia kwa kila kitu: kutembea, kung'oa jino, kuvaa miwani. Kibaya zaidi, ananipenda. Huwezi kumchukia mtu kwa raha huku anakupenda.

Udhaifu wangu naujua. Si jicho, si bega. Ni vidole, vile vitatu vinavyovuta ugwe, yaani uzi wa upinde: cha shahada, cha kati, cha pete. Glavu ya klabu inateleza. Kipande cha ngozi cha kukinga vidole kinajikunja dakika ya mwisho. Binamu ana glavu yake mwenyewe, laini kama shavu la mtoto. Mwalimu anasema nichague kinga moja nitulie nayo, kwa sababu ngozi huchukua muda kukariri vidole vya mtu.

Muda sina. Nimechora jedwali. Glavu: hapana. Kipande: hapana. Safu ya tatu nimeandika kwa herufi kubwa: VIDOLE VITUPU. Ngozi ya kuzaliwa nayo imekuwa ikinikariri kwa miaka ishirini na nne. Ajabu kwamba hakuna aliyeliwaza hili kabla yangu!

Jumamosi, 1 Machi

Mishale mia mbili kwa vidole vitupu, siku ya pili mfululizo. Asubuhi naviloweka kwenye maji ya chumvi. Jioni navisugua kwa jiwe la visigino.

Binamu aliviona, akasema, dada, hizo ni soseji. Akanipa plasta. Niliikataa kwa heshima zote. Alipoondoka nikaiokota.

Malengelenge mawili, kisha ganzi. Nilishika kikombe cha chai iliyotoka jikoni sasa hivi, nikakishika tu, nikifikiria mambo mengine. Mama ndiye aliyepiga kelele. Mimi nayaita maendeleo.

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imenikataa.

Nafanya kazi masjala, chumba cha mafaili, mwezi wa tano sasa. Mlangoni pana kimashine cha mahudhurio. Unaweka kidole, sauti ya mwanamke inasema asante na kutaja namba yako. Mimi ni arobaini na tatu. Leo imesema jaribu tena mara kumi na moja, na foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa. Nimevikagua vidole chini ya taa ya mezani. Vyeupe. Hakuna mstari hata mmoja. Kama karatasi iliyotolewa kwenye bunda sasa hivi.

Afisa utumishi akaniruhusu kusaini daftari kwa leo. Akasema mtu asiye na alama hana namna ya kuonyesha kwamba alifika.

Jioni mishale yote imelala kwenye nyasi. Basi. Nahitaji kinga, tena kinga iliyokwisha kujifunza.

Kwenye ghala la klabu kuna ubao wenye misumari minne. Mwanachama akifariki, upinde wake huchukuliwa na ndugu zake, lakini kinga ya vidole hubaki hapo msumarini, na haiguswi. Msumari wa tatu ni wa Bibi Sindano. Alifariki mwaka jana. Wanasema mishale yake ilikuwa ikiingia palepale, mmoja nyuma ya mwingine, kama sindano kwenye pindo. Kumbe ndiye pia aliyekuwa karani wa masjala kabla yangu. Kiti ninachokalia ni chake. Ukilitazama kwa utulivu, ni suala la mirathi tu.

Sikuiiba. Nimeiazima kwa utafiti. Mahali pake nimetundika kipande cha klabu, kimegeukia ukutani. Ukisimama mlangoni huoni tofauti.

Jumanne, 4 Machi

Inanikaa! Upande wa ugwe una mfereji mmoja mwembamba. Upande wa vidole una vishimo vitatu, na vidole vyangu vimeingia humo bila kuuliza njia. Ilikuwa ya baridi nilipoivaa. Halafu ikapata joto kabla ya mkono wangu.

Mshale wa kwanza, katikati. Wa pili, ubavuni mwa wa kwanza. Kabla ya kuachia kila mshale, kidole cha pete kiligonga ugwe mara tatu. Taratibu, kama mtu anayebisha hodi mahali anapojulikana. Sijawahi kufanya hivyo. Nimeandika kwenye jedwali: mbinu mpya, matokeo mazuri.

Mwalimu alikuwa amenipa mgongo, akifunga kamba ya kiatu. Niliporudia kugonga, mikono yake ilisimama. Akabaki ameinama hivyo hadi nilipomaliza mishale yote sita. Hakugeuka.

Jumatano, 5 Machi

Mashine imenipokea. Kidole kilekile kisicho na mstari.

"Asante," ikasema. "Kumi na saba."

Nikaweka tena. Kumi na saba. Nilipoanza kupanda ngazi, mlinzi wa mlangoni, mzee mwenye mvi na wajukuu, akasema nyuma yangu, "Shikamoo."

Nikaitika marahaba, nikaendelea kupanda. Nilifika ngazi ya nne ndipo miguu ikagoma. Nikageuka. Alikuwa amevua kofia. Tukatazamana, kila mmoja akimwonea aibu mwenzake, mwisho akaniomba radhi. Akasema ni mwendo tu, umemchanganya.

Nimelitafuta faili la kumi na saba. Kutafuta ndiyo kazi yangu. Isipokuwa sikutafuta. Nilikwenda moja kwa moja hadi kabati la mwisho, droo ya chini, na kuingiza mkono nyuma, mahali ambapo orodha haisemi kitu. Lilikuwa hapo. Limepigwa mhuri mwekundu wa kufungwa. Ndani kuna picha ya Bibi Sindano akiwa msichana. Ana kovu dogo kwenye kidole cha kati, limeandikwa kama alama ya utambulisho.

Hitimisho: mashine mbovu. Faida: kumi na saba hajawahi kuchelewa kazini hata siku moja.

Ijumaa, 7 Machi

Barua ya kujieleza. Namba arobaini na tatu hajaonekana kazini tangu Jumanne. Nilikuwa nimekaa mbele ya afisa utumishi, magoti yangu yakigusa meza yake, huku akinisomea kwamba sipo.

Nikaandika maelezo ukurasa mzima, nikasaini. Akaitazama saini. Akafungua droo, akatoa karatasi ya zamani, akaiweka kando ya yangu. Alizitazama zote mbili muda mrefu. Hakunionyesha. Nilipoinuka naye akainuka, akasimama wima mpaka nikatoka, kama watu wanavyomsimamia mkubwa wao.

Nyumbani nimekunywa chai kavu bila sukari. Mama akauliza tangu lini. Nikamjibu kwamba sukari haipatani na presha yangu. Presha sina. Nilisikia ninavyosema, nikasubiri kuona nani ataendelea.

Kisha Binamu akaja. Alikataa kukaa. Alikuwa ameingia ghalani, akaona kipande kilichogeukia ukutani. Alizungumza huku anautazama mkono wangu wa kulia, si uso.

"Nafasi chukua wewe," akasema. "Mimi kesho sitapiga. Ila hiyo rudisha leo, dada. Nakuomba."

Ujanja wa kitoto! Anataka nisimame kesho na vidole vitupu, halafu atokee na glavu yake. Nilimwambia nitafikiria. Akalia. Anajua kulia vizuri, hata hilo alinitangulia.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika yote kwa utaratibu.

Asubuhi, jua la kawaida. Watu kama ishirini. Binamu alikuja, upinde ukiwa ndani ya mfuko, akakaa kwenye benchi. Mwalimu akamwita kwenye mstari, Binamu akatikisa kichwa. Akamwita mara ya pili. Akaja, akapiga mishale yake thelathini haraka haraka, kama mtu anayefua nguo za mwenzake. Hata hivyo alipiga vizuri. Ndivyo alivyo.

Mimi mishale yangu siikumbuki. Nakumbuka kugonga mara tatu. Nakumbuka nyasi zikiwa mbali na sauti za watu zikipungua, mpaka ukabaki mlio wa ugwe peke yake. Niliporudi mle mwilini, mishale ilikuwa imesongamana katikati ya shabaha, na hakuna aliyepiga makofi.

Mwalimu huwa hamtazami mpigaji. Hutazama shabaha na kuandika. Alikwenda kwenye ubao, akaandika wale watatu, kisha wa nne. Akaondoka. Ndipo akageuka kusoma alichoandika.

Aliandika Sindano.

Chaki ikamponyoka. Mzee mmoja kwenye benchi akashika kichwa. Mwalimu akafuta jina kwa kiganja, akafuta tena pale palipokwisha kuwa safi, kisha kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na klabu akanitazama usoni.

"Nafasi hapewi mtu ambaye hayupo," akasema.

Nikamwambia mimi nipo.

"Wewe?" Sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonichoma. "Wewe leo hujapiga hata mshale mmoja."

Akaandika jina la Binamu.

Ngozi ilikataa kutoka. Binamu ndiye aliyeivua, akikunjua kidole kimoja kimoja, akiisemesha kwa upole kama anamwomba mtu ahame kitandani. Aliirudisha msumarini mwenyewe. Chini yake vidole vyangu vilikuwa na mistari, mipya, myembamba, iliyopinda vizuri. Cha kati kina kovu dogo.

Jumapili, 9 Machi

Adhabu: kufagia ghala mwezi mzima. Nimeanza leo. Mwalimu alinipa ufunguo. Binamu alijitolea kunisaidia, nikamwambia naomba nibaki peke yangu nitafakari.

Nimetafakari kweli. Nilikosea mahali pamoja tu. Nilichagua ngozi ya mtu anayekumbukwa. Bibi Sindano anajulikana na kila mtu, mwendo wake, saini yake, kubisha kwake. Lazima wangemwona! Kinga inayofaa ni ya mtu ambaye hakuna anayemkumbuka. Hapo kila mshale utahesabiwa kuwa wangu.

Na nafasi ya mchezaji wa akiba bado iko wazi. Wanachagua Jumatano.

Kwenye msumari wa kwanza kuna glavu ya zamani sana, nyeusi, ngumu kama ganda. Kikaratasi cha jina kimeliwa na mende. Nilimuuliza Mwalimu kijuujuu ilikuwa ya nani. Akafikiri, akafikiri, akasema hata yeye aliikuta. Nimeijaribu kidogo tu, kupima saizi. Ni ya mkono wa kushoto, kwa hiyo haitanifaa moja kwa moja, lakini ilikaa vizuri ajabu. Nimekuja nayo nyumbani kuichunguza. Msumarini nimetundika soksi nyeusi.

Jedwali jipya nimekwisha kuchora. Mwandiko leo umelala upande wa pili na wino unanipaka kiganjani. Kalamu mbovu.

Mama amepita nyuma yangu na nguo alizoanua. Amesimama. Ameuliza, kwa sauti ndogo sana, tangu lini naandika kwa mkono wa kushoto.

Nimemwambia asianze.