Mifuko Ishirini na Kilemba Kimoja

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Shajara hii mwanangu Kinyanjui alipewa kazini mwezi wa kwanza, akanisukumia mimi. Imekaa kabatini nyumbani Woodley miezi saba bila neno. Leo ina neno. Na anayedhani niliacha shule darasa la tatu kwa ujinga, ajue niliacha kwa sababu mwalimu aliniudhi.

Neno lenyewe: kwaya ya wanaume kanisani kwetu imenipa mimi mashati ya kushona. Mashati ishirini! Mimi! Si Munyiva!

Munyiva ni fundi wa kibanda kinachotazamana na changu hapa Kenyatta Market. Mdomo wake hauna kifuniko na cherehani yake inalia kama mbuzi aliyeachwa nyuma.

Wataimba Jumapili kwenye shindano la kwaya, ukumbini Parklands, mtaa wa wakubwa. Karanja, mwalimu wao, ameleta kitenge mwenyewe kutoka mjini, Biashara Street. Buluu, kimejaa kanga, yule ndege wa madoadoa, wa manjano. Kizuri mpaka nimekinusa. Akanikumbusha kwamba Nyokabi, mwenyekiti wa akina mama, anatazama. Fundi atakayeng'aa kwenye mashati ndiye atapewa marinda arobaini ya akina mama ya Krismasi.

Arobaini! Nikamwambia Karanja aende akafundishe watu kuimba, kushona aniachie.

Sijawahi kushona shati la mwanaume. Hilo sikulitaja. Miaka thelathini nashona marinda, na shati ni nini? Ni rinda lililokatiwa njiani.

Jambo moja tu. Hakusema kama anataka mfuko kifuani. Nami sikuuliza. Fundi anayeuliza ni fundi asiyejua.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepima kitenge mara tatu. Nikitia mifuko, kinaisha chote. Nisipotia, kinabaki kipande cha nusu mita, upana mzima.

Na desturi ya soko hili inajulikana tangu zamani: kinachobaki mezani ni cha fundi.

Nusu mita ni kilemba. Si kilemba cha kwendea kusaga unga posho mill. Kilemba! Kimesimama, kimepigwa wanga, kanga wametazama mbele. Nitakaa kiti cha mbele Parklands, kwaya jukwaani na kitenge chao, mimi chini na kitenge kile kile kichwani. Hata kipofu atajua nani alishona. Nyokabi atajua. Munyiva atajua zaidi.

Nimewaza mchana kutwa. Mfuko una faida gani? Mwanaume ukimpa mfuko atautia takataka. Marehemu mume wangu, mfukoni mwake nilitoa misumari, ugoro, na siku moja kipande cha mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, kimefungwa kwa gazeti. Siku ya kufua nililia.

Basi. Mashati hayana mifuko. Nimeamua kwa ajili yao.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekata yote ishirini. Mkasi umetembea kama uko kwake.

Saa nne akaja Shem, anayeimba sauti ya juu. Kijana wa ofisi, na simu mpya ameishika kama yai. Akageuza shati moja nililokwisha kuunga, mbele na nyuma, akaniuliza kama anayemuuliza bibi yake, "Sasa Shosho, simu nitaweka wapi?" Nikamwambia simu ni ya sikio, aiweke sikioni. Akabaki amesimama. Nikaona huyu hatoki bila sababu, nikamwambia siku hizi madaktari wote wa Parklands wanavaa mashati bila mfuko, na yeye akitaka kufika Parklands amevaa kama kondakta, shauri yake. Akaomba radhi! Akaenda ametulia.

Mchana wakaja wazee watatu kwa pamoja, wa sauti nzito. Wanauliza miwani itakaa wapi. Hao niliwapa sababu ya kwao. Nikawaeleza mfuko hulalia kifua, na sauti nzito inatokea wapi kama si kifuani? Mmoja akajigusa kifua, akakohoa, akasema kweli alikuwa akisikia kitu kinamkalia.

Munyiva alikuwa akisikiliza yote. Akapaza sauti kutoka kwake, soko zima lisikie, kwamba shati bila mfuko ni nyumba bila mlango. Kisha akasema yeye angemuuliza Karanja tu.

Angeuliza! Ndiyo maana kazi haikuja kwake.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekesha, mashati tayari! Yamepigwa pasi, yamening'inia. Yananukia mbavu za mbuzi kidogo kwa sababu ya moshi wa wachoma nyama, lakini hilo ni baraka, si kosa.

Kilemba nacho tayari. Nimekifunga nikazunguka soko zima, kwa sababu za kikazi. Wasusi waliacha vichwa vya watu nusu wakanitazama. Mchoma nyama akaniita malkia akanipa kipande cha figo. Baridi ya Agosti hii sikuisikia hata kidogo.

Munyiva akasema ameona wanaobeba maji kichwani, ameona wanaobeba kuni, ila anayebeba kwaya ndiyo mara ya kwanza.

Wivu. Wanga ulikuwa unamwangazia machoni.

Ijumaa, 8 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Leo mazoezi kanisani, na mashati wavae. Nikaenda na kilemba changu, nikaketi mbele. Nyokabi alikuwa kiti cha nyuma. Yaliwakaa! Mabega sawa, kola sawa. Wazee walijitazama kwenye vioo vya madirisha kama vijana wa harusi. Nikajiambia, Mama Kinyanjui, marinda arobaini hayo yanakuja yenyewe.

Wakaimba wimbo wa kwanza. Wa pili. Ule wa mwisho walipofika ubeti wa tatu, Karanja akainua kidole. Mikono ishirini ikaruka vifuani.

Ikapapasa.

Ikaendelea kupapasa. Wanaume ishirini wanajisugua kifua kama wamekula maharagwe mabichi.

Kumbe kwenye ubeti wa tatu kila mmoja anachomoa kitambaa cheupe cha mkono kutoka mfukoni anakipunga juu! Wamefanya mazoezi miezi miwili! Ndipo wimbo ulipo! Karanja akasema hakuwa ameona haja ya kuniambia mambo ya mfuko, kwani shati la mwanaume bila mfuko yeye hajawahi kuliona tangu azaliwe.

Shem akataja wale madaktari wa Parklands wasiovaa mifuko.

Kisha Karanja akanitazama kichwani. Mzee mmoja akanitazama kichwani. Kanisa zima likanitazama kichwani. Nyokabi akauliza kwa sauti ya upole, ile mbaya, "Mama Kinyanjui, hiyo mifuko si ndiyo umeivaa?"

Nikasimama. Nikawaambia mafundi wa kweli hushona mifuko mwisho, na kilemba nilikuwa nakipima tu kama kitenge hakichuji kwa jasho. Nikakusanya mashati. Nikatoka kwa heshima. Kilemba kilishikwa na msumari wa mlango kikabaki nyuma. Nikarudi kukichukua. Kwa heshima.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi nimekilaza kilemba mezani nikakikata vipande ishirini. Kila nikikata naomboleza. Kanga waliokuwa wazima sasa huyu ana kichwa tu, yule ana miguu tu, wengine madoadoa bila mwenyewe.

Nikakanyaga cherehani. Mkanda ukakatika! Ule wa ngozi, wa kuzungusha gurudumu. Nikaufunga fundo, ukakatika tena. Mwuza mikanda amekwenda kwao mazishini, harudi hadi Jumatatu. Shindano kesho.

Nikavuka kwa Munyiva kumsalimu tu. Nikauliza watoto. Nikauliza mvua ya kwao Mwala. Yeye anapinda pindo la shuka, hana haraka, ananitazama. Akasema anasikia mimi nina mashati. Nikasema ninayo. Akasema anasikia yana tatizo. Nikasema tatizo ni mkanda, si mashati. Akasema basi nimwambie lile neno la kuomba, ni neno moja tu, halina mfupa.

Nikamwambia watu husaidiana.

Akasema silo, lakini liko jirani, na amelipokea. Akachukua mashati kumi. Mimi akanipa cherehani yake kuukuu ya mkono, nikakaa mezani kwake na kumi yangu. Mbuzi wawili sasa wanalia.

Mfuko wa shati hukaa upande wa moyo, hilo hata mimi najua. Nikalaza shati mezani, linanitazama. Moyo wangu uko kushoto, nikashona kushoto. Munyiva akainua macho mara moja, akatazama shati langu, akafungua mdomo. Nikamwambia mkono amenisaidia, kichwa ninacho. Akafunga mdomo. Akaanza kutabasamu peke yake mpaka tulipomaliza. Nilidhani ni uchovu.

Jumapili, 10 Agosti

Parklands! Ukumbi umejaa, magari nje kama harusi ya waziri. Nimekaa mbele na kitambaa changu cha kichwa cha kila siku, nimejikunyata. Munyiva akaja akaketi ubavuni mwangu bila kukaribishwa.

Kwaya ikapanda. Mashati yanameta. Ubeti wa tatu ukafika, Karanja akainua kidole.

Wanaume kumi wakapeleka mkono wa kulia kushoto. Kumi wakapeleka wa kushoto kulia!

Kumbe shati likikutazama, kushoto kwake ni kulia kwako! Yangu kumi yote yalikuwa ya upande mwingine! Na walikuwa wamejipanga wamechanganyika! Viwiko vikapambana jukwaani. Shem alimpiga jirani yake mbavuni, jirani akatoa sauti nyembamba ambayo haijawahi kutoka kwa mwanaume, na ikaingia kwenye wimbo pale pale palipokuwa na pengo. Kisha vitambaa vikapanda, kumi upande huu, kumi upande ule, vikafunguka kama ndege mmoja mkubwa anayeruka.

Ukumbi ukasimama. Wakapiga makofi mpaka vumbi likapanda. Jaji akatamka kwamba miaka yote hajaona mpangilio wa mikono kama ule. Karanja, jasho linamtiririka, akasema ni mtindo wao wa siku nyingi.

Kombe ni letu!

Munyiva alicheka mpaka akateremka kutoka kitini. Akaniambia mifuko yake kumi ilikuwa upande wa haki. Nikamwambia upande wa haki ungetupa makofi ya adabu tu, kumi yangu ndiyo iliyoleta kombe. Tukacheka tukashikana mikono kama wasichana. Kisha nikakumbuka ni Munyiva, nikamwachilia.

Jumanne, 12 Agosti

Nyokabi amekuja! Na kitenge, marobota mawili, chekundu chenye maua ya dhahabu. Marinda arobaini. Ila amesema tushone pamoja, mimi na Munyiva, kwa kuwa ameona tunaelewana. Nimekubali, mimi ni mtu mkubwa.

Alianza kunieleza jinsi akina mama watakavyoingia kanisani wakicheza, kuna kitu watakuwa wamekibeba mahali fulani. Nikamkatiza. Nikamwambia nimeanza kushona yeye akinyonya, aniachie.

Alipoondoka, Munyiva akauliza kama marinda yana mifuko. Nikamwambia mwanamke ana kibeti, ana kifua, mfuko wa nini? Akasema safari hii ataenda kuuliza, tusirudie yale yale. Alishavaa viatu.

Nikamwonyesha mezani kipande kitakachobaki tukiacha mifuko. Maua mazima, hayajakatwa hata jani.

Akasimama pale. Akakishika. Akakipimia kichwani, akajitazama kwenye kioo changu. Kisha akavua viatu, akaniuliza kama kinatosha vilemba viwili.

Kinatosha.