Mtandao Usiovuka Kitanda Changu

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Natumaini hamjambo hapo ofisini. Sisi huku tumebanana. Mimi ni fundi wa mageti niliyestaafu, na mtandao mliotufungia wiki tatu zilizopita, wa kwanza katika nyumba hii, hauvuki mlango wa chumba changu cha kulala. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kile kisanduku chenu chenye taa za kijani nilikipokea kwa heshima. Kitu cha thamani hakiachwi wazi, kwa hiyo nilikichomelea kasha la chuma kizito, nikatoboa tundu la waya, nikapiga kufuli na kulisukuma uvunguni mwa kitanda. Uzembe, basi, si wangu.

2. Tangu siku hiyo anayetaka mtandao sharti apande kitandani kwangu. Binti yangu anasomea kwenye mto wangu. Kaka yake, ambaye kwa miaka miwili nilimjua kwa mlio wa mlango wake tu, sasa najua hata anavyokoroma.

3. Mama mkwe. Ndugu Meneja, bila shaka nawe unaye. Wangu amekuja na kigoda chake na kukiweka kando ya kitanda. Siku hizi nalala na shati la kola.

4. Juzi walicheka kitu kwenye simu mpaka chaga ya kitanda ikavunjika. Wakanisogezea nami nione. Nilicheka, jambo ambalo halikuwemo kwenye mkataba.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo naomba mtandao wenye nguvu za kupenya chuma, au mniletee kitanda kikubwa zaidi.

Wasalimie wote, hasa yule dada wa simu anayeniambia kila siku nisubiri kidogo.

Wako niliyebaki ukingoni mwa godoro,
Fundi Mageti

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, fundi wenu amefika. Ameomba ufunguo, akakitoa kisanduku na kukiweka sebuleni. Mtandao umeenea nyumba nzima. Watoto wamejifungia vyumbani mwao, mke wangu yuko jikoni na simu yake, mama mkwe ameondoka na kigoda. Nimekaa kitandani peke yangu na shati langu la kola, na kusema kweli nimesikia upweke.

Nimekirudisha kisanduku kwenye kasha na kuongeza kufuli la pili. Tafadhali msimtume fundi tena. Ila lile ombi la kitanda liko palepale.