Siku Arobaini na Moja Porini, Takriban

Jumatatu, 9 Septemba

Wamefika! Magari tisa, taa kubwa kama za uwanja wa hoki, na mpishi mwenye gari lake la kupikia. Mji mzima wa Corbeau ulisimama nje ya posta kutazama. Nilivaa koti langu la ngozi ya kulungu. Jua lilikuwa kali. Sikulivua.

Hatimaye kitabu changu kinageuzwa filamu. Kinaeleza jinsi mimi, Lorne Haverstock, nilivyopotea porini nikiwa na miaka kumi na mitano, nikaishi siku arobaini na moja peke yangu kwa kisu kimoja na akili. Kila mtoto wa shule hapa amekisoma. Ukutani mwa maktaba kuna bamba lenye jina langu na idadi ya siku.

Nakiri hapa tu, mahali pengine popote nitakana: zilikuwa siku tisa. Tena kwenye kibanda cha shangazi Beulah kando ya ziwa, chenye jiko, mablanketi na makopo ya supu. Nilikuwa nimezamisha gari la baba ziwani, nikaogopa kurudi nyumbani. Niliporudi wakaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema porini. Hadithi ikakua yenyewe. Mimi niliilisha tu.

Anayejua ni dada yangu Verna peke yake. Verna hupiga chafya akisikia uongo, kwa hiyo sijamwalika popote tangu kitabu kitoke.

Mwongozaji anaitwa Philippa Drouin, mama wa Toronto mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Alinishika mikono yote miwili. Kisha habari mbaya mbili. Kwanza, nitaigizwa na msichana, Tamsin Kuipers, miaka kumi na sita. Eti wavulana wote waliojaribiwa walilia vibaya. Pili, anataka kupiga picha kwenye pango lenyewe nililolala.

Nikamwambia hakuna shida. Hakuna pango.

Jumanne, 10 Septemba

Nimepata pango! Ni shimo chini ya mwamba, nyuma ya dampo la mji. Harufu si nzuri, lakini kamera hazinusi. Nilitoa matairi mawili na kiti cha choo. Nikatandika majani. Kwenye mti wa mlangoni nikachonga alama za kuhesabu siku, nikazipaka chai nzito zionekane za zamani.

Nilipohesabu zilikuwa arobaini na tatu. Nikaziba mbili kwa ubani wa kutafuna. Kazi safi kabisa.

Jumatano, 11 Septemba

Balaa.

Asubuhi ilianza vizuri. Philippa aligusa alama zile akatokwa na machozi. Tamsin alizitazama tu, kitabu changu kikiwa mkononi, kimechakaa mpaka jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi.

Kisha akaja Rolly Charbonneau. Rolly ni mtega wanyama, amenishinda mashindano ya uvuvi miaka kumi na mmoja mfululizo, na wamemwajiri kufukuza dubu. Akaupapasa mti, akaupiga kofi kama anayepiga mgongo wa ng'ombe.

"Lorne, ndugu yangu," akasema kwa sauti ya kusikika hadi Quebec, "mti huu haujafikisha miaka ishirini. Wewe ulipotea miaka thelathini na tisa iliyopita. Uliuchonga ungali tumboni mwa mama yake?"

Nikaeleza kwamba nilichonga mti mzazi, na huyu ni mtoto wake, amerithi. Rolly peke yake ndiye aliyecheka, akacheka kwa niaba ya wote.

Ili kubadilisha mazungumzo, Philippa akaomba niwashe moto bila kiberiti. Nilikuwa nimejiandaa! Kiberiti cha gesi ndani ya mkono wa koti. Nikasugua vijiti kwa mbwembwe, nikabonyeza. Moto ukawaka. Ukawaka kwenye koti. Ikabainika pia kwamba koti si la ngozi ya kulungu. Ngozi ya kulungu haiyeyuki.

Rolly alinizima kwa kahawa yake. Ilikuwa na sukari nyingi. Nyigu walinifuata hadi nyumbani.

Alhamisi, 12 Septemba

Duka la donati lilinyamaza nilipoingia. Dalili mbaya.

Philippa alinivuta pembeni. Akaniambia kwa upole kwamba wakubwa wa Toronto wamesikia minong'ono. Filamu imetangazwa kuwa kisa cha kweli. Kama si kweli, magari yote yanarudi kusini Jumatatu. Akaniuliza kama nina ushahidi wowote. Wowote ule.

Nilitazama dirishani. Hoteli imejaa, mara ya kwanza tangu kiwanda cha mbao kifungwe. Mpishi ameajiri watu wanne wa hapa. Mwalimu wa zamani wa Verna anaigiza maiti na ana furaha sana.

Nikasikia mdomo wangu ukitangaza kwamba kesho naingia porini siku tatu, kwa kisu tu, ili kila mtu aone. Makofi! Hata mimi nilijipigia.

Mpango ni huu. Kibanda cha shangazi Beulah sasa ni cha Verna, naye haendi huko kabla ya msimu wa kuwinda. Siku tatu za supu na usingizi, kisha natokea nimejipaka matope. Hauwezi kushindwa.

Ijumaa, 13 Septemba

Saa nne asubuhi umati ulikuja kuniaga. Rolly akadai kunipekua. Alipata soseji moja mfukoni, ya pili kwenye soksi, na ya tatu mahali ambapo hakupaswa kutafuta.

Kwa kufuata njia, kibanda ni mwendo wa saa moja. Nilikata msituni nisionekane, nikapotea saa nne. Saa nne nzima! Nilitumbukia kwenye kijito. Nilikutana na dubu akila matunda. Nikapiga kelele. Dubu akanitazama kwa dharau, akaendelea kula. Nikala tunda moja kutoka upande wangu wa kichaka. Lilikuwa chungu.

Ngoja niandike jambo ambalo sijapata kuliandika. Niliogopa. Nilikaa kwenye gogo, nikamwita dada yangu kwa sauti.

Nilipoliona paa la kibanda karibu nilie. Mlango ulikuwa umefungwa, nikaingia kwa dirisha. Nusu yangu iliingia. Nusu nyingine, ile yenye donati za miaka mingi, ilibaki nje.

Nikainua kichwa. Mezani walikaa Verna na Tamsin, wanakula mkate wa jibini moto. Verna amewapangisha watu wa filamu kibanda, na Tamsin ndiye anayelala humo!

Nikasema nilikuwa napita tu, nafuata nyayo za dubu.

Verna akapiga chafya.

"Kaka, acha," akasema. "Nimeshamwambia." Akamgeukia Tamsin. "Alikaa kwenye kiti hichohicho, mwanangu, siku tisa, akamaliza supu yote ya nyanya ya shangazi."

Tamsin akafungua kitabu. "Bwana Haverstock, mimi nilijua tangu zamani. Ukurasa wa sitini na tatu unakaanga samaki kwa siagi. Siagi ilitoka wapi porini?"

Miaka kumi na miwili kitabu kiko madukani, na hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu siagi.

Nikamwuliza, basi kwa nini kimechakaa hivyo. Akasema mama yake alilazwa hospitali muda mrefu, naye Tamsin kila siku alimsomea siku moja ya kitabu pembeni ya kitanda. "Nilihesabu siku zako ili nisihesabu za kwake. Siagi niliiruka."

Dirisha lilikuwa limenibana pumzi. Wakanivuta, mmoja mkono huu, mwingine ule. Wakanipa mkate wa jibini. Tamsin akasema ni lazima nimwambie Philippa mwenyewe, kabla hajaambiwa na Rolly. Aliongea kama mama mkwe. Nikakubali.

Jumamosi, 14 Septemba

Nilisema. Yote. Gari la baba, supu, kiberiti, ubani wa kutafuna. Mbele ya watu wote, Rolly akiwa amekaa mstari wa kwanza na donati. Niliwaomba radhi wale wanne wa jikoni kwa majina. Mwisho nikamwomba radhi mwalimu wa Verna, aliyekuja akiwa bado amepakwa rangi ya maiti.

Philippa alivua miwani yote miwili. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, akacheka mpaka akaketi chini. Kisha akapiga simu Toronto, akazunguka gari mara sita akipunga mkono.

Hawaondoki! Filamu sasa inahusu kijana anayejificha kibandani na kuwadanganya watu, kisha anashindwa kuacha. Tamsin amefurahi mno. Anasema hatimaye ana sehemu yenye chakula.

Rolly ataigiza baba yangu. Walimjaribu, akalia vizuri. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatatu, 16 Septemba

Mtu wa maktaba amepanda ngazi, akafuta arobaini na moja kwenye bamba, akaandika tisa. Watu wananisalimia barabarani zaidi kuliko zamani. Mwanadamu mkweli! Nimeapa mbele ya Verna kwamba sitasema uongo tena maisha yangu yote. Hakupiga chafya, ila alishika leso tayari.

Mchana alipiga simu mwanamke wa kampuni ya vitabu. Amesikia habari, amependezwa na ujasiri wangu wa kukiri. Akauliza kama ujana wangu una kisa kingine, cha kweli safari hii.

Nikamwambia kiko. Nikiwa na miaka kumi na saba nilivuka Ziwa Superior peke yangu, kwa beseni la kuogea.

Anakuja Alhamisi kuliona beseni.

Nani ana beseni?