Ufunguo wa Bomba Shingoni Mwangu

Jumatatu, 4 Machi

Tangu bomba livumbuliwe, hajatokea mtawala kama mimi. Leo nimechaguliwa Msimamizi wa Bomba, nyumba nzima ikishuhudia! Mama anasema nimechaguliwa kwa sababu wakubwa wote walikataa. Wivu tu. Hata mzazi huwa nao.

Mwenye nyumba, bibi mwenye miwani, kanikabidhi ufunguo wa kufuli mbele ya wapangaji. Nimeuvaa shingoni. Maji yetu hutoka asubuhi tu, tena kwa kununa. Kwa hiyo watu hupanga ndoo ukutani mapema, kila ndoo inamshikia mwenyewe nafasi, naye anaendelea na shughuli zake. Mimi nafungua, nasema "anayefuata", nafunga. Kazi ya kukaa, cheo cha kusimama.

Fundi viatu wa chumba cha pembeni kanitazama toka juu hadi chini. Eti, mdogo wangu, ufunguo hauna masikio lakini wewe unayo, wasikilize watu. Nikamwambia asante kaka, rudi kwenye visigino vyako. Watu wakacheka. Nadhani walimcheka yeye.

Sasa, mpango. Mama ni dobi. Kashika kazi ya mashuka ya nyumba ya wageni, yatakiwa Ijumaa. Akichelewa, kazi anapewa mwingine, na sisi tutakula hewa. Nikae nitazame tu, mtoto wa kiume? Ndoo zake zitakuwa mbele daima. Huo si upendeleo. Hizo ni fadhila za kunyonyeshwa.

Jumanne, 5 Machi

Watu walipopanga ndoo na kurudi vyumbani, nikazihamisha za Mama mbele. Mama mwenyewe hakujua; alizipanga gizani, akadhani kawawahi wote. Nesi wa chumba cha juu akaguna kwamba ndoo ya kwanza ilikuwa yake. Nikamwambia ndoo zinafanana, dada. Akasema yake ni nyekundu na nyingine zote ni bluu. Nikabadilisha mada.

Mada yenyewe: sheria mpya! Ndoo isiyo na mwenyewe kando yake inarudi mwisho. Yaani nilivyoitunga, ilimkaa fundi viatu kama soli. Kila mtu anajua hutega ndoo kisha anarudi kugonga nyundo. Nikaibeba kwa mikono yangu mpaka mkiani. Raha iliyoje!

Akaja mbio, misumari mdomoni. Ilibidi aiteme kwanza ndipo alalamike. Lakini hakulalamika. Kauliza tu kama sheria hiyo ni ya ndoo zote. Nikavimba kifua nikatangaza: zote, hata ingekuwa ya mfalme! Wakanipigia makofi. Swali lake, jamani, bora angelimeza na misumari yake.

Jumatano, 6 Machi

Siku mbaya. Mbaya!

Mama kaniachia ndoo zake akaenda kuloweka mashuka. Nikasimama kando ya ndoo, mwenyewe kwa damu. Kisha nikafungua bomba, nikamwachia nesi ajikingie, nikachomoka kwenda kwa kinyozi ng'ambo ya barabara. Ana kioo kikubwa. Nilitaka kuona ufunguo unavyonikaa. Unanikaa vizuri mno, hasa nikigeuka ubavu.

Kurudi, ndoo za Mama ziko mkiani. Hakuna aliyekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Nesi akanipitia na ndoo yake nyekundu: mkuki kwa nguruwe, mdogo wangu! Nikashika ndoo nizirudishe mbele. Fundi viatu hakunizuia. Kaniomba tu niwatangazie sheria ya leo, maana ya jana anaikumbuka.

Mdomo ukanikauka. Bomba nalo likakauka kabla zamu ya Mama haijafika. Mashuka yamelala kwenye beseni na sabuni yake. Mama hakunigombeza. Kauliza tu jana ndoo zake zilifikaje mbele. Nikajifanya nina homa.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi Mama kasimama mwenyewe kwenye foleni, nyuma ya nesi, akapata maji ya kutosha. Sijui kwa nini njia hiyo haikunijia akilini.

Kisha kikao uani. Mwenye nyumba aliwahi kumfukuza mpangaji kwa ujanja wa maji, vyombo vyake vikalala nje na mvua juu. Nikaona godoro letu barabarani. Nikajificha nyuma ya tangi bovu la maji. Nesi akanivuta shati. Nikajitetea kwamba Jumanne ndoo zilisogezwa na upepo. Wakauliza ni upepo gani huo unaomjua mama yangu.

Bibi akauliza nani ana la kusema kabla hajatuhamisha. Akasimama nani? Fundi viatu! Nikafumba macho.

Kumbe! Kasema sheria ni moja: ndoo bila mwenyewe, mwisho. Zilizoruka mbele Jumanne zilikwenda mwisho Jumatano, adhabu imekwisha. Kosa moja halilipwi mara mbili, na mama hafukuzwi kwa kosa la mwana. Leo tukimwonea huyu kwa sababu tumemchoka, kasema, kesho nani ataiamini foleni? Tena sheria ibaki, naye ataleta viatu vyake akashone kando ya ndoo kama wenzake. Kumchukia mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu, ila najitahidi.

Bibi akavua miwani, akasema sawa. Hatuhami! Nilishusha pumzi mpaka kifungo cha shati kikaruka. Ufunguo tu ndio uliopigiwa kura upya. Kapewa fundi viatu.

Ijumaa, 8 Machi

Mashuka yamefika, meupe kama maziwa! Nyumba ya wageni imemwongezea Mama na mapazia. Tumepona, tena kwa kishindo.

Nimetafakari makosa yangu yote, nimegundua sina. Aliyeniponza ni kinyozi na kioo chake.

Lakini kamba za kuanikia nguo hazina msimamizi! Hotuba iko tayari: haki sawa kwa kila shati! Kamba ya upande wa jua itakuwa yetu, ila hapo hotuba haitafika.

Na safari hii kura iwe ya siri. Si kwamba naogopa kushindwa. Jana walipiga kwa kunyoosha mikono, nami nimesimama mbele naiona yote. Mkono wa kwanza kwenda juu kumchagua fundi viatu ulikuwa na povu la sabuni mpaka kwenye kiwiko. Wa Mama.